Mke wa Bibi Wakuru

Kosa langu kubwa katika kazi ya udadisi, ya kuhoji watu nyumba kwa nyumba, lilikuwa kusahihisha jibu ambalo tayari lilikuwa sahihi. Nawaandikia ninyi mnaosoma sosholojia vyuoni, mtakaotumwa vijijini na madodoso. Mimi nafasi ya chuo niliikosa. Sosholojia niliisoma kwenye kopi zilizoharibika nilizookota kwa ruhusa ya mwenye duka la kutoa kopi, Manyamanyama, Bunda. Kwa hiyo niliingia kazini na hofu ya kuumbuka, na hofu hiyo niliificha kwa unadhifu.

Siku ya kwanza, kule Bweri, Musoma, Msimamizi wa Uwandani alitugawia penseli, ufutio na dodoso, yaani maswali ambayo kila kaya huulizwa kwa namna ileile. Kaya, akatueleza, ni watu wanaoishi na kula pamoja, wawe ndugu au wasiwe.

"Karatasi chafu nairudishaga," alisema. "Msiniletee mikwaruzo."

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Karatasi zangu zikawa safi kuliko za wote. Nikasifiwa Bweri, nikasifiwa Bunda, na mwaka wa tatu nikapelekwa Butiama.

Huko nilimkuta mjane, Bibi Wakuru, akianika mihogo. Karibu naye mwanamke wa umri wangu alikuwa anamenya mingine, na watoto watatu walikuwa wakicheza. Nilipewa uji. Kisha nikauliza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya, ambaye ni Bibi.

"Huyu Nyangeta ni mke wangu."

"Mkwe wako, Bibi."

"Mke! Nimemuoa mimi, kwa ng'ombe wangu. Wewe masikio umeyaacha Musoma?"

Nyangeta alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Andika tu, kaka. Mume wangu huyu ana hasira."

Niliandika "mke", lakini moyoni nilisema wananitania, au Kiswahili kimewapiga chenga. Njiani nikasimama, nikafuta. Nikaweka "mkwe". Lakini Bibi alikuwa amesema hakuwahi kuzaa, na mkwe bila mtoto wa kiume alionekana kosa jingine. Nikafuta tena. Nikaandika "mpangaji", na watoto nikawaandika wa mpangaji. Ukurasa ukatulia. Naona aibu kusema kwamba nilifurahi.

Utaratibu wa Butiama, tofauti na Bweri na Bunda, ulikuwa kwamba orodha ya kaya haikabidhiwi ofisi ya kijiji mpaka mdadisi arudi kumsomea kila mwenye kaya karatasi yake. Nikarudi. Nikasoma.

"Hapo, soma tena," alisema Bibi Wakuru.

Nikasoma tena.

"Mpangaji?" Nyangeta alisimama. "Mimi? Mpangaji wa nani?"

Bibi hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Mwanangu, mume wangu alikufa sijazaa. Huku kwetu mwanamke kama mimi anaoaga mwanamke. Watoto wakizaliwa wanaitwa kwa jina la mume wangu, nyumba inasimama. Shemeji zangu wanalitaka shamba hili tangu siku ya matanga. Sasa wewe umewaandikia kwamba humu hamna mtoto. Wewe niliyekupa uji!"

Orodha ilikuwa imeshapelekwa Musoma kuchapwa, na kesho yake ilikuwa iletwe kijijini. Nilipanda bodaboda, nikaenda moja kwa moja Musoma kwa Mtafiti Mkuu wa mradi wetu, mama aliyekuwa mhadhiri. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

"Alisema nini, kwa maneno yake?"

"Alisema mke."

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia, Dokta. Ila sikuwahi kusoma habari za ndoa hizo."

"Usinitajie kusoma. Uliambiwa na wenye ndoa, wote wawili, uso kwa uso. Ulitaka kitabu kije kuwathibitishia?"

Akasimamisha uchapaji, akaniamuru niandike upya mbele yake: Wakuru, mkuu wa kaya; Nyangeta, mke; watoto watatu, wa nyumba hiyo. Nilitegemea kufukuzwa. Akaniambia nirudi Butiama nikaisome mwenyewe.

Asubuhi Bibi Wakuru alikuwa amemwita mwenyekiti wa kitongoji na shemeji yake mmoja. Alinifanya niisome karatasi mara mbili. Shemeji aliangalia pembeni. Nyangeta alimvuta mtoto mdogo mapajani, akamrudishia sikioni jina la ukoo kama nilivyolitamka.

"Sasa nenda," Bibi aliniambia. Sikukaribishwa kukaa.

Mshtuko wa pili ulinipata ofisini, nilipofungua karatasi zangu za Bunda na Bweri. Chini ya mwandiko wangu mzuri niliona vivuli vya maneno niliyoyafuta, ukurasa kwa ukurasa. Sikuweza kuyasoma. Ripoti za huko zilikuwa zimeshachapishwa, na watu wale hadi leo wameandikwa nilivyowataka mimi.

Nimeacha udadisi mwaka huu, na miaka ishirini na tisa si umri wa kustaafu. Ninafundisha wadadisi wapya. Dodoso letu la sasa lina nafasi ya mke kwa mkuu wa kaya yeyote, mwanamume au mwanamke, na mdadisi haondoki uani kabla hajawasomea wenyewe alichoandika.