Kitabu Nilichokawia Kukirejesha

Enzi zetu pale Kiponda, mtu aliambiwa machoni kwamba hafai. "Huyu aandike kitabu?" alikuwa akicheka Mzee Khatibu, muuza kahawa wa barazani kwetu. "Majani ya mbuzi tu tumemtuma tangu asubuhi, ndiyo kwanza anarudi!" Leo nina stashahada, nina riwaya nne, na nimeishi Ulaya miaka thelathini kwa jasho langu. Nnajisifu, na sioni haya.

Lakini nilisoma kwa kuazima. Nyumbani hakukuwa na kitabu ila msahafu. Mwalimu mmoja wa Bububu aliniazima viwili vitatu. Vilivyobaki vilitoka kwa Salma, binti wa jirani. Alikuwa mwari, haruhusiwi kutoka, basi aliviteremsha kwa kikapu cha kamba kutoka dirisha la juu, kikapu kile kile cha kununulia mkate. Kurasa zilinukia udi. Uso wake sikuujua vizuri. Niliujua mkono, wenye bangili moja ya fedha.

"Umefika wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wamegombana."

"Bado hujalia wewe. Endelea."

Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi, na yalitosha. Vijana wa leo hutumiana ujumbe mia kabla ya chai, kisha wanalalamikia upweke. Sisi upweke tulikaa nao ngazini na kitabu, tukashiba.

Siku moja kikapu kilishuka na riwaya nene. "Hiki kisome upesi," alisema, akafunga dirisha. Mimi, kwa kujiona fundi, nikakisoma kurasa mbili kwa siku ili utamu usiishe. Niliona wakati ni mali yangu. Sijafika nusu, nikasikia vigelegele mlangoni kwao: Salma anaolewa. Kwa hasira nikasafiri nacho Ulaya.

Mwaka huu nimerudi, nikamrejeshea kila aliyeniazima. Vya marehemu mwalimu niliwakabidhi wanawe. Nikamalizia Mtoni, kwa Bi Salma, mjane sasa, mwenye wajukuu.

"Bwana we, nilidhani umeshakila!" akacheka, akakipangusa kwa ncha ya kanga. "Baba alinipa wiki moja niijibu ile posa. Nikajiambia, kikirudi kitabu, nitakataa."

Mimi, mwenye riwaya nne, niliinywa chai yake imeshapoa, nikaaga. Nilitoka pale sina kitabu cha mtu yeyote, na kwa mara ya kwanza maishani nikatamani kudaiwa.