Mtungi wa Mwanabaraka na Taa ya Samaki

Mwanabaraka si mtu wa kupigia watu makelele dukani. Miaka thelathini na miwili amepikia maharusi ya Mji wa Kale, na waliomuudhi ni wengi, mabwana harusi wakiwemo, lakini hakuna aliyewahi kusikia sauti yake ikivuka mlango wa jikoni. Siku ile, wallahi, ilivuka. Aliingia duka la samaki wa mapambo kule Tononoka, mtungi mtupu wa lita ishirini mkononi, hasira zimempanda mpaka utosini. Na alikuwa na haki. Hebu sikiliza, kisha uamue mwenyewe.

Mamake, Bi Mwanaesha, hatoki kitandani tangu alipovunjika nyonga. Jicho moja halioni tena, na la pili lilipasuliwa mtoto wa jicho mwaka juzi. Raha yake yote ni tangi la samaki lililowekwa miguuni pa kitanda, lenye samaki sita wa dhahabu, kila mmoja na jina lake. Kila asubuhi huwahesabu kabla ya chai. Akishawaona wote sita ndipo huletewa msahafu wake wa herufi kubwa, akasoma hadi jua lipande.

Mwezi wa pili jua lilianza kuingia dirishani moja kwa moja, na maji ya tangi yakageuka kijani. Dirisha nalo halifungiki, kwa joto lile bibi angekosa pumzi. Mwanabaraka akatungika pazia. Ngumbao, muuza maji, akaleta mitungi mipya, tangi likamwagwa na kujazwa upya. Siku ya nne kijani kimerudi, kizito, samaki hawaonekani kabisa.

"Mato yangu yamekwisha, Baraka," bibi akasema. "Mtoto wa jicho karudi."

"Si macho, Mama. Ni maji hayo."

"Maji hayawi kijani ndani ya nyumba. Msinidanganye." Akausukuma msahafu pembeni. "Mpe anayeona."

Hakutaka hata kujaribu kuufungua. Akawa analala uso ukutani mchana kutwa, chai inapoa. Wiki hiyo hiyo samaki mmoja aitwaye Karani akafa, na Mwanabaraka akamtoa kimyakimya. Bibi alipouliza, "Wote wazima?" alijibu, "Wote sita, Mama." Angejibu nini tena?

Ndipo akasikia habari ya taa ya UV. Ni taa iliyofichwa ndani ya bomba jeusi ili mwanga wake usidhuru macho, maji hupitishwa humo na pampu, na vile vijimea vinavyoyafanya kijani vikaungua. Akaenda kwa Faiz, mwenye duka. Faiz akauliza urefu, upana na kimo cha tangi, akabonyeza simu yake, akasema, "Lita mia nne."

"Mwanangu, ndani kuna mawe na changarawe," Mwanabaraka akasema. "Maji niliyotia mimi ni mitungi kumi na mitatu. Lita mia mbili na sitini."

Faiz akacheka. "Hesabu ya mitungi ni ya jikoni, mamangu. Huu ni utaalamu." Akamfungia taa ya wati tano na pampu kubwa. Maji yakizunguka mbio, ati, yatasafika mbio.

Siku kumi zikapita, kijani kile kile. Mwanabaraka akampigia simu. Na unajua alijibiwa nini? "Basi labda ni macho ya bibi. Wazee huona kijani."

Astaghfirullah! Mtu anakuuzia kitu kisichofanya kazi, kisha anamtia kasoro mgonjwa aliye kitandani! Mwanabaraka alikata simu. Akavaa miwani, akakisoma kile kikaratasi cha ndani ya boksi, maandishi madogo kama chawa. Taa ya wati tano ni ya tangi la lita mia moja. Maji yasipite zaidi ya lita mia tatu kwa saa. Akachukua mtungi, akautia mpira unaotoka kwenye taa, akatazama saa ya ukutani. Kwa mwendo wa kikaratasi, mtungi ulitakiwa ujae kwa dakika nne. Ulijaa kwa sekunde thelathini na sita.

Ndiyo huo mtungi alioutua juu ya meza ya Faiz mbele ya wateja.

"Wee Faiz! Nyama inaiva kwa kupitishwa juu ya moto mbio mbio?"

"Tulia, mamangu..."

"Situlii! Mimi sipiki kwa kadi za mwaliko zilizogawanywa, napikia watu wanaokuja kula. Ndiyo maana chakula changu hakijawahi kupungua wala kumwagwa. Wewe ulipima kioo, maji hukuyapima. Pampu umenipa ya lita mia nne ambazo hazipo, na taa umenipa isiyotosha hata nusu ya yaliyopo. Kwa nini ya wati tano?"

Faiz akatazama rafu. "Ndiyo iliyokuwa imebaki," akasema kwa sauti ndogo.

Mteja mmoja akaguna. Faiz akaingia ndani, akatoka na taa ya wati tisa aliyomwekea mtu mwingine, na pampu ndogo. Kikaratasi cha hiyo kilisema lita mia tatu za tangi, mwendo lita mia sita kwa saa. Mwanabaraka hakuondoka mpaka pampu ilipojaribiwa pale pale, mtungi ukajaa kwa dakika mbili kamili.

"Samahani, mamangu," Faiz akasema.

"Ya taa nimeipokea. Ya macho ya mamangu bado iko rohoni."

Siku ya tano tangu taa mpya iwashwe, Mwanabaraka yuko jikoni anakanda unga, akasikia ukelele kutoka chumbani.

"Baraka! Baraka we!"

Akakimbia na unga mikononi. Bibi amejiinua kwa kiwiko, shingo ameinyoosha kuelekea tangi. Maji yalikuwa meupe, kila jiwe linaonekana.

"Wako wangapi humu?"

"Sita, Mama," akajibu kwa mazoea.

"Watano! Karani yuwapi? Wiki tatu waniambia sita, sita! Mtu mzima mwongo, huna haya!"

Mwanabaraka akasimama pale, machozi yanamtiririka, unga umemjaa mashavuni anapojifuta. Hajawahi kutukanwa akafurahi vile.

"Walia nini nawe? Nipe msahafu wangu," bibi akasema. "Na nikimaliza kusoma, utanieleza Karani mlimpeleka wapi."