Kidonge cha Kichwa Si Kinini

Wiki hii, kwenye dirisha la duka la dawa hapa Kamina, mama mmoja alirudisha vidonge vya mwanawe anayesikia sauti za watu wasiokuwepo. Alitaka abadilishiwe na dawa ya kikohozi.

"Mutoto amepona, papa. Sauti hasikie tena, njo maana tuliacha kumupa."

Muuza dawa akashika kichwa. "Alikuwa hasikie juu ya hizi dawa, mama! Ukiacha, sauti zitarudia."

"Malaria ikiisha, si tunaachaka dawa yake, kinini?"

Foleni nzima ikaitikia kwamba mama anasema kweli. Wote madaktari bingwa, na mimi nyuma yao damu inanichemka!

Kijana mwenyewe, aliyesimama kando ya mama yake, hakuulizwa na mtu. Alikuwa ameugeukia ukuta mtupu, akinong'ona: "Ngojeni kwanza, mama iko anasema."