Siku Niliyozindua Shokapu

Viti nilikodi thelathini. Mwenye maturubai alinishauri nichukue hamsini, akasema Dodoma ya sasa imejaa watu, lakini mimi nilijua nikipata ishirini nitashukuru. Walikuja saba. Mmoja wao alikuwa mchomeleaji wa ua wa jirani, ambaye aliuliza kama kuna chai, akanywa, akarudi kazini kwake.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, na upepo wa mwezi huo kila mtu wa Dodoma anaujua. Turubai lilikuwa linapigapiga juu ya vichwa vyetu, na vumbi la mtaa wetu wa Kizota lilikuwa linatua kwenye kitambaa cheupe nilichotandika mezani. Juu ya kitambaa hicho nilipanga shokapu zangu, pembeni nikaweka sahani ya zabibu. Kila baada ya dakika chache nilizifuta vumbi, ili nionekane nina kazi ya kufanya.

Shokapu zenyewe zilikuwa hivi. Shokapu ya kawaida inabeba springi mahali pamoja, na gari linakaa kimo kile kile lilichotoka nacho kiwandani. Zangu nilizivisha bomba la chuma lenye uzi kwa nje, kama uzi wa boliti, na kwenye uzi huo nikaweka ringi mbili. Ringi ya juu inabeba springi. Ukiizungusha ikapanda, gari linapanda nayo, ukiishusha, linashuka. Ringi ya chini inaikaba ya juu isitembee. Mtu anayeshinda kwenye lami mjini analiweka gari lake chini, na siku ya kwenda shamba, kwenye makorongo, analipandisha. Ni hivyo tu, lakini kufika hapo kulituchukua miaka miwili.

Nasema kulituchukua kwa sababu tulikuwa wawili. Mimi nakereza vyuma. Kazi hiyo nilijifunza chuoni baada ya kutoka kwetu Kondoa, na sijawahi kufanya nyingine. Mwenzangu alikuwa fundi wa magari. Tulipanga ua mmoja kwa miaka kumi na moja, yeye upande wa magari, mimi upande wa mashine. Wazo la shokapu lilikuwa lake, akalichora kwa chaki kwenye sakafu, nami nikaligeuza kuwa chuma. Kila bomba nililokata alilichukua, akaipitisha ringi kutoka juu hadi chini kwa vidole viwili, taratibu, huku ameinamisha kichwa kama anayesikiliza. Akiridhika alisema, "Limekubali." Asiporidhika aliliweka kando bila neno, nami nikajua la kufanya.

Mchana tulikula pamoja, ugali na mlenda kwa mama wa ng'ambo ya barabara. Wateja wengi walidhani sisi ni mume na mke. Mwanzoni tulikuwa tunawasahihisha, baadaye tukaacha. Yeye alikuwa na mke na watoto Mwanza, na kila mwisho wa mwezi alikuwa akisema mwakani atahamia kwao. Nilikuwa nimeshazoea hiyo "mwakani" yake. Mwezi wa sita mwaka huo ilifika kweli. Gereji kubwa ya Mwanza ilimwita, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kwenda kuishi na watoto wake. Nilimsindikiza stendi alfajiri, nikambebea begi la vifaa.

"Uzinduzi nitakuja," aliniambia. "Wewe panga siku tu."

Asubuhi ya uzinduzi alituma ujumbe wa sauti. Alisema amebanwa, kuna gari la mtu mkubwa limeletwa jana na haliwezi kusubiri, akaniomba nimsamehe. Nyuma yake nilisikia nyundo na watu wakicheka. Niliusikiliza mara mbili, nikaiweka simu mfukoni.

Nilikuwa nimevaa kitenge kipya, na nadhani hilo lilikuwa kosa langu la kwanza siku hiyo. Mwanamume mmoja, mfanyakazi wa wizara kwa jinsi alivyoning'iniza kitambulisho shingoni hata Jumamosi, aliishika shokapu, akaitazama juu na chini, akaniuliza, "Fundi yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Namaanisha aliyetengeneza."

"Ndiye mimi, kaka."

Akatabasamu kwa heshima, akairudisha mezani, akala zabibu mbili, akaondoka.

Kama saa tano hivi liliingia gari la familia lililokaa chini nyuma, karibu liguse ardhi. Alishuka mwanamume wa makamo, akazunguka upande wa pili, akamfungulia mlango dada yake. Dada alimshika kiwiko, wakaja taratibu hadi mezani. Alikuwa haoni. Walikuwa wametoka Buigiri. Dada anafuma masweta ya shule kwa mashine, kaka anayasambaza kwa gari hilo, na siku hiyo lilikuwa limejazwa mabunda hadi dirishani. Walisikia kwa fundi mmoja kwamba kuna mtu Kizota anatengeneza vitu vya kuinua gari.

Kaka alianza kuniuliza maswali ya kawaida. Dada alisema, "Mimi nipe nishike."

Nikampa. Katika watu wote waliokuja siku ile, ni yeye tu aliyeishika shokapu kama kitu kinachotakiwa kufanya kazi. Aliipima uzito, akaitafuta springi, akazizungusha ringi, akauliza kila moja ni ya nini. Nilipomweleza aliitikia kwa kichwa. Alisema mashine yake ya kufumia nayo ina kidude cha kukaza na kulegeza, na ukikikosea kidogo sweta linakataa kuingia kichwani. Kisha akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye uzi wa bomba, akashuka nao jino kwa jino. Akaiweka chini, akaomba nyingine. Ya tatu akakaa nayo muda mrefu.

"Hii imekatwa na mtu yule yule aliyekata zile?"

"Mtu yule yule."

"Basi hakuwa na hali ile ile."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanishika mkono, akauweka ukucha wangu kwenye uzi. "Meno yake ni membamba. Zile zina mabega, hii imechongoka. Sikia."

Nilikuwa sisikii kitu. Nikaitoa nje ya turubai, nikaitazama juani, nikaona uzi unaong'aa vizuri kabisa. Ndipo nilipochukua ringi na kuipitisha kwa vidole viwili. Ilipita, lakini ilicheza. Ilikuwa inatikisika ndani ya uzi, kama kidole kwenye pete ya mtu mnene. Nikajua mara moja. Ncha ya kisu cha kukatia uzi ilikuwa imevunjika na mimi sikuiona. Nikajua na siku yenyewe, kwa sababu mabomba nilikuwa nayaandika namba na tarehe: ni asubuhi ile niliyotoka stendi. Nilirudi uani, nikaona upande wake umefagiliwa, nikawasha mashine ili nisikae bure. Nilikata mabomba manne. Hakukuwa na mtu wa kuyapitisha ringi.

Mawili yalikuwa pale mezani. Mengine mawili nilikuwa nimeyafunga mwenyewe siku ya Jumatano kwenye gari la mteja wangu wa kwanza, afisa mmoja aliyehamia na serikali kutoka Dar, mwenye shamba Kongwa. Kwenye lami yangekaa hata mwaka. Kwenye makorongo, gari likiwa na mzigo, ringi ingekula meno yale membamba na springi ingeshuka ghafla upande mmoja. Na asubuhi hiyo hiyo mteja alikuwa amenipigia kunitakia heri. Alisema hatakuja, anapeleka mbolea shambani.

Nikapiga simu yake. Haipatikani. Nikapiga tena na tena.

"Shamba lake liko wapi?" kaka mtu aliuliza.

"Mbele ya Kongwa. Aliwahi kunielekeza."

"Sisi tunakwenda Kongwa sasa hivi. Tuna masweta ya shule mbili."

Wageni wengine waliobaki walikuwa watatu. Nilisimama mbele yao na kitenge changu, nikasema kuna vifaa nimegundua vina kasoro, nakwenda kumtolea mteja, naomba radhi. Mmoja akanipiga picha kwa simu. Nikamwambia mwenye maturubai akunje, nikabadilisha nguo nyuma ya mashine, nikachukua shokapu za zamani za yule mteja, ambazo kwa bahati zilikuwa bado uani, na boksi la spana.

Nilikaa kiti cha nyuma, nimebanwa na mabunda ya masweta ya kijani. Tulipita Chamwino. Gari liligonga chini kila tuta, na kila lilipogonga nililiwazia lile jingine. Baada ya Buigiri, dada aligeuza kichwa kidogo.

"Hizo kazi unafanya na nani?"

"Peke yangu."

"Na nyumbani?"

"Peke yangu pia. Mama alikuwa Kondoa. Alishafariki."

"Anayekukagulia kazi ni nani?"

"Alikuwepo. Amehama."

Hakuniuliza zaidi. Baadaye alisema kwamba yeye hufuma redio ikiwa imezimwa, kwa sababu redio inamfanya ahisi kuna mtu chumbani, na akihisi kuna mtu anaacha kusikiliza sindano. Nilifikiri maneno hayo njia nzima kutoka Mbande. Mimi tangu mwezi wa sita redio sikuizima.

Shamba tulilipata kwa kuuliza mara tatu. Ni tambarare tupu ya udongo mwekundu uliosubiri mvua, na upepo unaupeleka huku na huku. Mzee mlinzi alikuwa amekaa kivulini mwa tela.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Bosi yupo?"

Akanyoosha mkono. Gari lilikuwa limesimama salama ng'ambo ya korongo, linashushwa mbolea. Nikachukua boksi na shokapu, nikavuka kumfuata.

Mteja wangu alishangaa kuniona. Nikamweleza yote bila kupunguza: kisu, mabomba, asubuhi ile, ila sikumwambia nilikuwa natoka wapi. Alinisikiliza mikono kiunoni.

"Sasa fundi, nitakuaminije?"

"Usiniamini. Njoo uangalie."

Niliinua gari kwa jeki, nikatoa tairi, nikamwonyesha. Upande wa kulia uzi ulikuwa umeshaanza kulika. Unga wa chuma ulikuwa umeshikana na vumbi chini ya ringi. Aliupaka kwenye kidole, akautazama juani. Nilimrudishia shokapu zake za zamani pale pale, udongoni, kazi ya saa mbili, huku wale ndugu wawili wakisubiri. Mwisho aliniambia asante, lakini hakuniambia nilete nyingine, nami sikuuliza.

Tulipeleka masweta, tukarudi. Buigiri waliposimama kwao nilimwambia yule dada jambo nililokuwa nalipanga tangu Kongwa. Nilimwomba awe anakuja uani siku mbili kwa wiki, anikagulie mabomba. Nilisema nitamtumia gari.

"Hapana, dada," alisema. "Mimi nina masweta yangu." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Funga macho. Usiangalie. Unaamini mno unachokiona."

Aliingia ndani, nikasikia akimsemesha mtu, mtu akamjibu. Nilisimama barabarani na boksi langu nikisubiri gari la mjini.

Jioni hiyo mwenzangu alipiga. Aliuliza watu walikuwa wangapi, nikasema saba. Nikamsimulia kuhusu uzi. Akasema, "Ningekuwepo ningeikamata."

"Najua," nilisema.

Nilingoja aseme neno lingine. Mtoto alimwita, akasema tutaongea. Tuliongea tena mara mbili mwaka ule, sikukuu ya Idi na alipotaka namba ya muuza springi.

Mabomba yote niliyapitia upya. Nilizima redio, nikafunga macho, nikatumia ukucha. Wiki ya kwanza sikusikia kitu, wiki ya tatu nikaanza kusikia. Mbali na yale manne, niliyatupa mawili ambayo kwa macho hayakuwa na dosari. Biashara ilianza kidogo kidogo, bila turubai. Yule kaka wa Buigiri alichukua seti ya nyuma. Mwezi wa kumi na moja yule afisa alinitumia mtu wa ofisini kwake, akasema ameambiwa huyu fundi hufuata kosa lake hadi shambani. Yeye mwenyewe hajarudi. Siku hizi natuma maboksi kwa basi hadi Singida na Babati, kwa watu nisiowajua sura, ambao huandika "imefika" na kukata.

Mwezi uliopita nilikuwa nimeshuka basi, natembea kuelekea Makutupora, nilikokwenda kumwona mgonjwa, nikakuta gari limepata pancha kando ya barabara. Mwenye gari, kijana wa shati jeupe, alikuwa ameliinua na tairi ameshalitoa. Nikainama. Uzi ulikuwa wangu, na ringi zilikuwa zimekabwa vizuri, zina matope ya zamani yaliyokauka. Ilionekana wazi zimetembea sana. Nilitaka kuweka ukucha.

"Mama, kuna kitu?" aliuliza.

"Hapana," nilisema. "Napita tu. Pole na pancha."

Akanishukuru, akaendelea kukaza nati. Nikashika njia yangu, mashamba ya zabibu upande huu na ule, hadi nikaacha kusikia spana yake.