Kikwembe Akifunge Mwenyewe

Nikiwa na hakika na jambo huwa sinyamazi, na siku ile nilikuwa na hakika na kilo. Hospitalini kwetu hapa Goma tulikuwa tunapanga utafiti wa chakula cha wagonjwa mahututi: je, uji mzito zaidi kupitia mpira wa puani unawasaidia? Tukakwama kwenye swali la kwanza: tutajuaje kama umesaidia? Daktari mkuu alitaka tuhesabu walio hai baada ya mwezi, basi. Mimi, mtu wa lishe, nikasema uzito. Nikamtoa mfano mama mmoja, mkulima wa viazi wa Kibumba, aliyeongezeka kilo tatu ndani ya siku nne.

Daktari hakubishana. Alinipeleka hadi kitandani kwa yule mama, akabonyeza muundi wake kwa kidole gumba, akakiondoa. Shimo likabaki palepale, kama kwenye donge la unga.

"Hii kilo yako ni mayi tu," akaniambia.

Kumbe mwili ulikuwa umevimba maji, haukunenepa. Niliona aibu, sifichi. Lakini aibu haijawahi kunifunga mdomo. Nikamgeukia mgonjwa, ambaye sauti ilikuwa imeanza kumrudia, nikamuuliza yeye atajuaje kwamba amepona.

"Siku nitafunga kikwembe yangu miye mwenyewe," akasema. "Nimesimama, bila mutu kunishika."

Anayevaa kikwembe, kitenge cha kujifunga kiunoni, anaijua kazi yake. Lazima usimame wima, mikono yote miwili iachie ukuta, vidole vikaze kitambaa na kukipindia kiunoni. Mtu aliyelala wiki tatu misuli imekwisha. Pumzi anayo, lakini kikwembe kinamshinda. Sisi tungemhesabu hai na kupongezana, naye nyumbani anavalishwa na binti yake.

Niligombana juma zima. Daktari alisema kifo hakibishaniwi, ila kwenye kikwembe kila mtu ataona lake. Nikasema basi tuandike sheria: asimame, asishikwe, na kisianguke mpaka afike mlangoni. Kwa wanaume tukaweka suruali na mkanda. Mwishowe akacheka, akakubali. Walio hai watahesabiwa kwanza, na baada ya miezi mitatu tutawafuata kwao, wavae mbele yetu. Fomu ya sheria hizo tukaamua kuijaribu kwa yule mama kabla ya utafiti kuanza.

Miezi mitatu baada ya yeye kuruhusiwa, nikapanda barabara ya Rutshuru hadi kwao Kibumba na fomu yangu, moyoni nimekwisha kujaza ndiyo. Nilimkuta anachambua maharage. Aliposikia nimefuata nini, aliagiza aletewe kikwembe chake kizuri, akasimama, akaachia ukuta. Alikizungusha juu ya gauni. Kikaanguka. Mara ya pili kikashika, akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni, kikaanza kulegea. Nikanyoosha mkono bila kufikiri.

Akanipiga vidole. "Wacha! Ukinisaidia, utaandika uongo."

Kikaanguka tena. Nilitamani sana kuandika ndiyo. Mgonjwa ni wangu, uji ni wangu, na mlango ulikuwa umebaki hatua tatu. Lakini sheria nilikuwa nimeipigania mwenyewe, kwa sauti kubwa, mbele ya watu. Nikaweka alama kwenye hapana, na roho iliniuma.

"Umeandika nini?"

"Hapana, mama."

Aliinama taratibu, akaokota kikwembe, akakikung'uta vumbi. Hakuonekana kuhuzunika. Alinitazama kama mtu ambaye kazi yake imechelewa tu, haijashindikana.

"Sawa. Utarudia lini?"

Fomu yetu ilikuwa na siku moja tu ya kumtembelea mgonjwa. Katika kelele zote zile, hilo sikuwa nimeliwaza. Nikaigeuza upande mweupe, nikamuuliza yeye anataka lini.

"Wakati ya kuvuna viazi," akasema. "Nitakuwa nimesimama."

Nikaandika hivyohivyo, nikateremka Goma kwenda kugombana na daktari juu ya siku ya pili.