Ngao ya Nane

Hubertine Bijnens alijua nembo za koo kabla hajajua herufi. Baba yake, mzee Lambert, alikuwa mpaka rangi wa kijiji cha Ruksbeek, na binti alipotimiza miaka minne alikalishwa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaulizwa simba mwekundu ni wa nani na minara mitatu ni ya nani. Kunguru alikuwa rahisi kuliko wote. Huyo alikuwa wa akina van Ravenspoel, wenye jumba kubwa, na hukuweza kumkwepa: yuko langoni, yuko kwenye viti vya kanisa, yuko hadi kwenye magunia ya viazi.

Alikua akipaka kila kilichosimama, mabango ya mabucha, mikokoteni ya bia, na kila baada ya mwaka mmoja madirisha arobaini ya jumba. Hakuolewa. Wanaume, alisema, hawajui kuosha brashi.

Ila kilichowapa akina Bijnens jina ni mbao za msiba. Mtu wa jumbani akifa, hupakwa ubao mweusi wa pembe nne, husimamishwa juu ya ncha yake, nembo ya marehemu ikiwa katikati. Pembeni hukaa ngao ndogo nane za koo zilizomzaa, nne za kuumeni na nne za kukeni. Ubao hutundikwa juu ya lango mwaka mmoja na wiki sita, ndipo huhamia kanisani. Wanaojua kuusoma humwona marehemu pamoja na mababu na mabibi zake wote waliopanga mstari kumpokea.

Baroni Ferdinand van Ravenspoel alifariki Jumatatu moja ya Machi 1954, na mazishi yakapangwa Alhamisi. Mzee Lambert alikuwa kaburini tayari, mwaka wa pili huo. Kwa hiyo Bwana Gaëtan alikuja kubisha mlangoni kwa Hubertine. Gaëtan alimwita mjane wa Baroni shangazi, na kwa kuwa marehemu hakujaliwa watoto, yeye ndiye aliyeshika usukani wa jumba. Hakuketi. Alisema hajawahi kusikia mwanamke akipaka ubao wa msiba, lakini muda hakuna. Ukitoka vizuri, kazi zote za jumba zitakuwa zake kama zilivyokuwa za baba yake, na usipotoka vizuri atatafutwa fundi wa mjini. Akaacha karatasi yenye ngao nane.

Hubertine aliisoma akiwa amesimama. Saba zilikuwa sawa. Ya nane walikuwa batamaji watatu weupe.

Aliwajua batamaji hao, na aliwachukia. Mama wa bibi mzaa mama wa Baroni alikuwa Liesbeth Pipeleers, binti wa msaga nafaka wa hapo hapo Ruksbeek, aliyeolewa na kijana wa kabaila kwa mapenzi tu, ukoo mzima ukanuna miaka sabini. Mama wa Baroni alipofariki, mzee Lambert aliamriwa aweke batamaji wa ukoo mwingine mahali pa msaga nafaka. Akaweka, maana alikuwa na watoto wa kulisha. Tangu hapo kanisani hakukaa tena upande ule ulikotundikwa ubao huo, na alipokuwa akifa alimwambia binti yake kwamba katika maisha yake alipaka uongo mara moja tu, na kwamba mara moja inatosha.

Siku mbili Hubertine alipaka ngao saba na kuizunguka ya nane. Madirisha arobaini si mchezo. Ndiyo nusu ya riziki yake. Jumatano asubuhi alichovya brashi na kuchora kile chuma kinachokaa katikati ya jiwe la kusagia, cheupe juu ya bluu, nembo waliyokuwa nayo akina Pipeleers mlangoni pa kinu chao. Alipomaliza alicheka peke yake kama mwehu, akaogopa, kisha akacheka tena.

Ila rangi ya mafuta ya kitani haielewi habari ya mazishi, inakauka ikitaka. Akaubeba ubao hadi kwa Odile Schepers, mwoka mikate, ambaye tanuri lake lilikuwa moto tangu alfajiri kwa zile keki za plamu nyeusi za msibani. Wakauegemeza karibu na tanuri. Odile akafuta unga mikononi, akainama.

"Shoga, hicho si chuma cha kinu cha akina babu?"

"Ndicho."

"Kwa hiyo mimi na Baroni ni ndugu?"

"Wa mbali."

"Na miaka ishirini namuuzia mkate kama mgeni."

Kumwambia Odile jambo ni sawa na kupiga kengele ya kanisa. Nusu ya Ruksbeek ina damu ya akina Pipeleers, na kufikia jioni nusu hiyo ilikuwa imepita kwenye tanuri kuangalia. Mwendesha trekta alivua kofia. Muuza bia, aliyewahi kufukuzwa jumbani kwa kuiba sungura, alisema sasa imejulikana alikuwa akiwinda kwa ndugu yake. Watu walichana nywele, wakapiga viatu rangi, na Alhamisi saa tatu walikuwa wamejaa langoni kwa nguo za Jumapili, wakisukumana kama wageni wa arusi.

Magari kutoka Brussels yalikuwa yanawasili. Wanaume wawili walipanda ngazi, ubao ukapandishwa, ukakaa sawasawa. Bwana Gaëtan aliangalia juu, akawa mweupe, kisha mwekundu.

"Nilisema batamaji."

"Ulisema, Bwana Gaëtan," Hubertine akajibu. "Lakini batamaji si ndugu wa marehemu."

Akaamuru ubao ushushwe. Wale wa kwenye ngazi wakajikuna. Mmoja wao mama yake alikuwa Pipeleers. Katika umati mtu akanong'ona kwamba mkataa kwao ni mtumwa, na kunong'ona kwake kulisikika vizuri. Hubertine aliona madirisha yake arobaini yakifungwa moja moja. Ila hakushusha macho.

Hapo mjane akatoka, mama wa miaka themanini na moja, amevaa nyeusi toka shela hadi viatu, mkongojo mkononi. Hakuuliza kelele ni za nini. Aliinua mkongojo, akazisoma ngao kwa sauti, ukoo baada ya ukoo, kama anayeita majina darasani. Alipofika ya nane akatua.

"Pipeleers," akasema. "Mume wangu aliniambia usiku wa arusi yetu. Nani amekuagiza, Hubertine?"

"Hakuna, Bibi Mkubwa. Ni mimi."

Mjane akawageukia wa kwenye ngazi. "Mnangoja nini huko juu? Teremkeni, jeneza linatoka. Na ndugu wa marehemu watangulie."

Watu wa Ruksbeek wakatangulia, na wale wa Brussels wakafuata nyuma wakitazamana.

Baada ya maziko, jumba likanuka kahawa na plamu. Hubertine alikuwa mlangoni akitafuta koti lake mjane alipomshika mkono na kumvutia pembeni. Alimwambia madirisha aanze kuyapaka Aprili, kama kawaida. Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa.

"Ubao wangu uanze sasa, nikiwa hai wa kukusahihisha. Koo nane. Isome hiyo ya tano."

Hubertine akaisoma, akainua macho.

"Baba wa bibi yangu," mjane akasema. "Alisukuma kigari cha samaki wa chumvi pale Ostende, tukamficha miaka mia. Samaki mchore mkubwa, aonekane toka barabarani."

"Na Bwana Gaëtan atasemaje, Bibi Mkubwa?"

Mjane akamtazama mpwa wake, aliyekuwa ng'ambo ya chumba akiwaomba radhi wageni kwa habari ya msaga nafaka.

"Huyo ni mtoto wa kaka yangu," akasema. "Samaki ni wake pia. Bado hajaambiwa."