Mstari Alioruka Mume Wangu

Mpaka leo nikisikia mtu anaitwa mvivu, damu inanichemka, hata kama kweli ni mvivu.

Rovu langu la shingoni lilikatwa nikiwa msichana, kwetu milimani, na tangu hapo naishi kwa kidonge kimoja kila alfajiri, kabla sijatia chochote tumboni. Mume wangu alipohamishiwa shule ya kijiji kule Ziwani, Mtwara, nilikuja na vidonge vyangu ndani ya kopo la maziwa, nikidhani vitatosha. Sikuacha kumeza hata siku moja, lakini havikunitosha. Nikaanza kuvaa sweta. Mtwara! Watu wanatokwa jasho wamekaa tu, mimi nimejifunga sufu na meno yanagongana. Nywele zilibaki kwenye kitana. Uso ukavimba. Ugali niliusonga nimekaa kwenye kibao, na nilipumzika mara mbili kabla haujaiva.

Shamba la ujamaa lilimtaka kila mtu mzima siku tatu kwa juma. Nilikwenda. Nililima tuta moja, kisha nikalala chini ya mikorosho, na hata saa tatu asubuhi haijafika.

"Kupe huyo," alisema balozi wetu wa nyumba kumi, kwa sauti ya kutaka nisikie. "Hawa wa bara wamekuja kulishwa."

Nilimchukia mtu yule kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, na hazikuwa nyingi.

Hospitali ya mjini walinitoa damu wakaipeleka Dar es Salaam, nami nikasubiri miezi. Majibu yaliporudi, daktari alinieleza bila haraka. Dawa imo kwenye damu kama inavyotakiwa, alisema, ila mwili unapaswa kuibadili iwe homoni yenye kufanya kazi, na wangu unabadili kidogo mno. Dawa ya kuruka hatua hiyo ipo Ulaya, hapa hatuna. Akaandika barua kwa Kiingereza, nisichokijua, akanieleza maana yake: vipimo ni vya kawaida, lakini mgonjwa bado ana dalili, apewe kazi nyepesi. Nililia pale pale. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameniamini.

Balozi alikuwa ameshanishtaki kwa utoro, kwa hiyo barua ilifunguliwa kwenye mkutano wa kijiji. Mwenyekiti naye hakujua Kiingereza, akampa mume wangu asome na kutafsiri. Wakati huo mume wangu alikuwa anautaka ukatibu wa tawi la chama. Nilijua. Sikujua anautaka kiasi gani.

"Vipimo vyote ni vya kawaida," akasoma. Akaikunja karatasi.

Watu wakacheka. Balozi akapiga makofi.

"Endelea," nikasema.

"Tulia, mama. Imeishia hapo," mume wangu akajibu.

Sijui nguvu nilizitoa wapi. Niliinuka na sweta langu, nikaikwapua ile karatasi mkononi mwake, nikampelekea mkunga wa zahanati, aliyekuwa amekaa upande wa wanawake. Dada yule alikuwa amejifunza Kiingereza chuoni. Alipitisha macho, kisha akasimama na kutafsiri kwa sauti: "Mgonjwa bado ana dalili. Apewe kazi nyepesi." Akamgeukia mume wangu. "Mwalimu, mstari huu hukuuona?"

Mume wangu akarudi kwenye kiti chake.

Mwenyekiti alinipangia kubangua korosho kivulini, pamoja na wajawazito. Kazi ile niliiweza kwa kupumzika pumzika, na hapakuwa na wa kunihesabia pumzi. Balozi hakuniomba radhi, wala sikuitaka radhi yake.

Nyumbani mume wangu alianza kabla hata hatujafunga mlango.

"Umeniaibisha mbele ya watu. Si ungeniambia hapa, wawili?"

"Nimekwambia hapa mwaka mzima kwamba naumwa."

"Najua unaumwa!" akafoka. "Unadhani sikuoni? Lakini ningeusoma ule mstari, wangesema mwalimu anamkinga mkewe. Ungejikaza tu hadi uchaguzi upite."

Nikakaa kitandani. Mwaka mzima nilikuwa nikijitetea kwake, nikidhani haniamini, nikitafuta maneno mazuri zaidi ya kumwelezea ile baridi na ule uchovu. Kumbe hayakuhitajika. Yule balozi aliniita kupe kwa sababu hakujua. Huyu alijua, na bado alikuwa tayari kunirudisha shambani.